Desmodiamu imegoma kuota katikati ya mahindi, nimekosea wapi?

kayongo_basi
Wakuu, habari za mvua. Shamba ni nusu ekari, Busia, kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, imejaa. Nimepanda desmodiamu, mmea wa malisho wa kuizuia, ile yenye mstari wa rangi ya fedha katikati ya jani, nusu kilo ya mbegu, siku moja na mahindi. Niliiloweka usiku kucha, nyingi zikabaki ngumu kama changarawe. Nikamwaga, nikafukia kwa jembe. Wiki ya tatu sasa, miche ni ya kuhesabu. Nirudie?

jembe_na_kijiti
Kipimo kiko sawa, kilo 1 kwa ekari ndiyo kawaida. Kosa ni jembe. Mbegu ndogo vile ukiitupia udongo wa sentimita 5, chipukizi huishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Chora mfereji kwa kijiti kilichochongwa, kina cha sentimita 1, isizidi 2, katikati kabisa ya mistari ya mahindi. Kwa mistari ya sentimita 75, ni kama 37 kila upande. Changanya sehemu 1 ya mbegu na 2 za mbolea ya TSP au mchanga mkavu uliochekechwa, la sivyo nusu kilo itaishia mistari ya mwanzo. Dondosha kwa vidole vitatu, kisha buruta tawi lenye majani juu yake. Inatosha.

mama_mbegu
Na hizo changarawe ni ganda lisilopitisha maji, kuloweka peke yake hakulifungui. Sugua mbegu taratibu kati ya karatasi mbili za msasa laini mpaka mng'ao upotee. Ukiona unga mweupe umezidisha, umefika kwenye kiini. Jaribu 50 kwanza kwenye kitambaa kibichi: zilizovimba kufikia asubuhi ndizo zilizofunguka. Mbegu nyingine ulizosugua panda zikiwa kavu, maana mbegu iliyovimba ikikuta udongo umekauka, imekufa.

jembe_na_kijiti
Kwa msimu huu usirudie mbegu, kivuli cha mahindi kitaishinda miche. Ziba mapengo kwa marando kutoka shamba lililokomaa: kata kipande chenye vifundo vitatu au vinne, fukia viwili, udongo ukiwa umelowa.

kayongo_basi
Asante sana. Palizi je? Nahofia kung'oa hata hiyo michache.

mama_mbegu
Chomeka vijiti pande zote mbili za kila mstari, palilia hapo kwa mkono, sasa na tena wiki ya sita. Wengi huimaliza wenyewe wakidhani ni magugu. Kayongo bado utaiona msimu huu, usikate tamaa: mizizi ya desmodiamu huichochea iote, kisha huizuia kushika mzizi wa mahindi, lakini mpaka desmodiamu yenyewe itambae na kufunika nafasi yote. Msimu ujao usiilime. Ifyeke ibaki sentimita 6 hivi, wape ng'ombe majani, upande mahindi kwenye mistari ileile ya zamani. Na mbuzi wasiingie baada ya mavuno, wataila mpaka shinani.