Mtoto wa fidla aanzie Bach au huu muziki wa kisasa?

Baba Sofi, Ligula: Wakuu, naomba maoni. Binti yangu wa miaka 11 yuko mwaka wa pili wa fidla hapa Mtwara. Nilijua sasa anaingia kwa Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani. Jana namkuta anagonga nyuzi kwa mti wa upinde, eti ndiyo somo la muziki wa kisasa. Nimeuza korosho gunia mbili kupata ile fidla, leo inalia kama mlango wa banda la kuku!

Mwalimu wa Masasi: Kugonga kwa mti si uhuni, mkuu. Mozart, mtunzi mwingine wa zamani, aliwaandikia wapiga besi hivyohivyo mwaka 1775, tena kwenye konseto ya fidla, yaani kipande cha fidla moja mbele ya okestra. Na Bartók, mtunzi wa Hungaria, mwaka 1931 alitunga vipande 44 vya fidla mbili kwa ajili ya wanafunzi, karibu vyote kutoka nyimbo za vijijini. Angefika Newala angeandika sindimba.

Mpwa wa Lindi: Gunia mbili fidla? Ulimuuzia nani, kangomba, wale walanguzi wa korosho wa pembeni?

Baba Sofi, Ligula: Kangomba ni wewe. Niliuza mnadani, stakabadhi ninayo.

Mpwa wa Lindi: Basi ulilipwa upesi una bahati. Sisi chama chetu cha ushirika kinatuambia "wiki ijayo" tangu tumalize kuokota.

Bi Mikindani: Mwalimu, sindimba iache. Ile ni ya kiuno, huyo mtoto ameibana fidla kidevuni!

Mwalimu wa Masasi: Bibi, sindimba ni ngoma kwanza, kiuno baadaye. Nimezaliwa nayo, usinifundishe.

Bi Mikindani: Nami nimeicheza kabla hujazaliwa, mjukuu wangu.

Kijana wa Nachingwea: Kisasa ni singeli. Huyo wa 1931 ni babu.

Mzee wa Tandahimba: Mnasahau 2018, wanunuzi wa korosho walipoleta bei ya kutukana, Magufuli akatangaza elfu tatu kwa kilo na jeshi likaja kubeba.

Mpwa wa Lindi: 3,300, mzee.

Mzee wa Tandahimba: Hiyo mia tatu mimi sikuiona.

Mwalimu wa Masasi: Baba Sofi, swali lako bado lipo? Mwache agonge, mradi mkono wa kushoto unashika sauti sawasawa.

Baba Sofi, Ligula: Nimekusikia, mwalimu. Mpwa, hicho chama chenu ni cha upande gani? Shemeji yangu ana tani moja imelala ghalani huko.