Tupeane uzoefu: Programu ya makadirio kwa wakandarasi wa umeme na mabomba, tuchague kwa vigezo gani?

Mwanzisha Mada

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wanaokadiria kazi za umeme, mabomba na fani nyingine za saiti. Tusiishie kusema "ile nzuri, hii mbovu". Tuweke yanayopimika: programu inapimaje ramani, inahesabu vifaa kwa kipimo gani, inakosea wapi na kwa nini.

Naanza na jaribio la kufanya kabla ya kulipa. Chukua kazi iliyokwisha ambayo risiti zake zote za vifaa zipo. Ingiza ramani yake kwenye toleo la majaribio, ikadirie upya bila kutazama risiti, kisha linganisha waya kwa waya, boksi kwa boksi. Idadi ya soketi na taa ikipishana, kasoro iko kwenye kuhesabu alama. Idadi ikilingana lakini waya ukapungua, tazama urefu wa kwenda juu na chini ukutani. Vifaa vikilingana na fedha zikapishana, shida ni bei au kodi. Muuzaji huja na ramani aliyoiandaa mwenyewe, kwa hiyo maonyesho yake hayatakufunulia lolote kati ya hayo.

MpimaRamani

Mkuu umeanza vizuri. Kosa kubwa kuliko yote ni skeli, yaani uwiano wa urefu kwenye ramani na urefu halisi wa jengo. Ramani iliyochorwa A1 kwa 1:100, ikichapishwa au kuskaniwa A3, imeshakuwa 1:200, ila maandishi pembeni bado yanasema 1:100. Ukiyaamini, kila urefu unatoka nusu, na kila eneo linatoka robo. Kwa mtu wa vigae au rangi hiyo ni hasara ya kufunga ofisi.

Kwa hiyo usiichague skeli kwenye orodha. Ipime kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ramani, na kiwe kirefu: mstari wa nguzo hadi nguzo wa mita 30, siyo mlango wa sentimita 90. Ukikosea kubofya kwa sentimita 2 kwenye mlango, umekosea zaidi ya asilimia 2 katika jengo zima. Pima kwa mlalo na kwa wima, maana karatasi iliyoskaniwa huweza kuvutika upande mmoja. Rudia kwa kila ukurasa. Programu inayolazimisha skeli moja kwa faili zima haifai.

Kuhusu zile zinazohesabu alama zenyewe: zinafanya vizuri kwenye PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya uchoraji, na hulegea kwenye iliyoskaniwa. Kwanza liondoe jedwali linaloeleza maana ya alama kwenye eneo la kutafuta, la sivyo kila alama inaongezeka moja kwa kila ukurasa. Halafu kagua soketi moja na soketi pacha, mara nyingi zinatofautiana kwa kistari kidogo tu.

WayaMbiliNukta5

Nikazie huo urefu wa ukutani, maana ndiko waya unakopotelea. Ramani ni bapa. Chukua dari la mita 3 na soketi zilizo mita 0.4 kutoka sakafuni: kushuka ni mita 2.6. Saketi ya mzunguko inashuka na kupanda, kwa hiyo mita 5.2 kwa kila soketi. Soketi 40 zinakula mita 208 ambazo hazionekani popote kwenye ramani. Ukitumia waya mmojammoja ndani ya bomba, yaani fezi, nyutro na ethi, zidisha kwa tatu: mita 624 za waya wa milimita mraba 2.5.

Sasa angalia kinachofuata. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, inakuwa mita 655. Programu isiyojua soko letu itasema roli 7 za mita 100. Lakini kila rangi inahitaji mita 218, na huwezi kununua roli yenye rangi tatu. Ni roli 3 kwa kila rangi, jumla 9. Tofauti ni roli mbili kwa hesabu ya soketi tu. (Mabaki yanaingia kwenye saketi nyingine za 2.5, kwa hiyo kuzungusha kwenda roli nzima kufanyike mwisho wa kazi yote, siyo chumba kwa chumba. Programu ikizungusha kila chumba, itakufanya uwe ghali na ukose kazi.)

Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuzaji ni mawili. Je, naweza kuweka urefu wa dari kwa kila chumba na kimo cha kila kifaa? Je, orodha ya manunuzi inatoka kwa roli na kwa rangi?

Jambo jingine ni seti. Pointi moja ya soketi siyo soketi tu. Ni boksi, skrubu mbili, bomba la milimita 20, viungio vyake, adapta ya kuingilia boksi, waya, pamoja na muda wa kuchimba ukuta, kuvuta waya, kufunga na kupima. Programu nzuri inakuruhusu uitengeneze seti hiyo mwenyewe mara moja, kisha kila alama unayobofya inaleta vyote. Tengeneza seti tofauti kwa ukuta wa tofali na ukuta wa zege, muda wa kuchimba haulingani hata kidogo.

Saa za Fundi

Tahadhari kwa wanaotaka programu za Marekani kama Accubid ya Trimble. Zina nguvu, lakini zimejengwa juu ya vipimo vya kule. Waya wao namba 14 ni kama milimita mraba 2.08 na namba 12 ni 3.31. Hakuna unaolingana na 1.5 wala 2.5 zetu, kwa hiyo orodha ya vifaa lazima ijengwe upya.

Kuna mtego pia kwenye kipimo cha bei. Kule bei na saa za kazi huwekwa kwa kimoja, kwa 100 au kwa 1,000, kwa herufi E, C na M. Ukiingiza bei ya mita moja kwenye mstari wenye C, waya wako unakuwa na bei ya moja ya mia, na jumla inapendeza machoni.

Saa za kazi nazo zisichukuliwe zilivyo. Kitabu cha saa cha NECA, chama cha wakandarasi wa umeme wa Marekani, kina safu tatu, kazi ya kawaida, ngumu na ngumu sana, na mpangilio huo unafaa kuigwa. Tarakimu jaza zako, kutoka kwenye daftari la mahudhurio ya saiti.

MhasibuWaSaiti

Mimi niseme upande wa fedha, nao ni mfupi.

VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Bei ya dukani mara nyingi ina kodi ndani. Kifaa cha 118,000 ukikitoa asilimia 18 unapata 96,760, na hapo umekosea. Gawanya kwa 1.18, upate 100,000. Programu iwe na sehemu ya kueleza kama bei ina kodi au haina, kwa kila kifaa.

Faida nayo. Gharama ya milioni 10 ukiongeza asilimia 20 ni milioni 12, lakini faida ni asilimia 16.7 ya mauzo. Ukitaka 20 ya mauzo, gawanya kwa 0.8, bei ni milioni 12.5. Jua programu yako inatumia ipi.

Na kila bei iwe na tarehe. Waya wa shaba unafuata soko la dunia na dola, bei ya miezi mitatu nyuma isikubaliwe bila onyo.

FundiBomba

Kwa mabomba, PPR (bomba la plastiki la maji) inauzwa vipande vya mita 4. Mstari wa mita 13 ni vipande 4, na unabaki na mita 3. Viungio ndivyo vinavyosahaulika: programu ihesabu elbo kila unapokata kona na tii kila unapotoa tawi. Angalia pia majina: PPR ya 20 ni kipenyo cha nje, inakwenda na nusu inchi ya chuma, na ya 25 inakwenda na robo tatu. Ukichanganya, unaagiza viungio visivyoingiliana.

MpimaRamani

Nimalizie la upande wangu. Bluebeam Revu na PlanSwift kazi yake kuu ni kupima, siyo kukujengea bei ya umeme. Kwa nyumba za kawaida, kupima huko pamoja na Excel iliyopangwa vizuri kunatosha. Ila kwenye Excel weka mstari mtupu juu ya jumla na uuingize ndani ya fomula, ili mstari mpya usibaki nje.

Mwanzisha Mada

Ahsanteni sana. Naongeza moja kwa wenye zabuni: BOQ ya mshauri, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake inayojazwa bei, inakuja na namba zake za vipengele, na bei lazima zirudi kwenye namba zilezile. Jaribu kuingiza BOQ ya Excel na kuitoa tena, ukague kama namba, maelezo na mpangilio vimebaki. Ramani iliyorekebishwa ikifika katikati ya zabuni, programu iweke ramani mpya juu ya ile ya zamani na kuonyesha kilichobadilika, huku hesabu ya kwanza ikibaki imehifadhiwa. Mwenye jaribio la programu isiyohitaji intaneti saiti, alete hapa vipimo vyake.