Naomba ushauri: albamu ya nyimbo bora za kaka yangu, na rekodi tano zisizo mikononi mwetu

MdogoWaMpigaGitaa (Lubumbashi, Kamalondo)

Wandugu, nawasalimu wote. Kaka yangu alianza na gitaa kavu, kisha akaongeza gitaa la umeme, besi na ngoma, hata vijana wa leo wanauita muziki wake roki ya kienyeji. Sasa ana miaka 61, na familia imekubaliana tutoe albamu moja ya nyimbo zake zinazopendwa zaidi. Tumechagua 16. Kumi na moja tunazo nyumbani, katika kaseti na mikanda. Tano zilizobaki, ukiwemo wimbo ambao watu wa Kamalondo huupokea wenyewe kabla kaka hajafungua kinywa, zilirekodiwa na prodyuza ambaye hataki kutupa mikanda wala kututajia bei. Je, tuzirekodi upya au tuziache? Sauti ya kaka imeshuka, nami naogopa msikilizaji atauliza huyu ni nani.

SanturiZaBaba (Likasi)

Ndugu, msiziache, kwa sababu albamu ya nyimbo bora isiyo na wimbo unaojulikana kuliko zote itanunuliwa mara moja na kulalamikiwa miaka mingi. Shida yenu iliwahi kumpata mwimbaji James Taylor wa Marekani. Mwaka 1976, kampuni yake ya Warner Bros. ilipotayarisha mkusanyiko wa nyimbo zake, rekodi za albamu yake ya kwanza ya mwaka 1968 zilikuwa mali ya Apple, kampuni ya akina Beatles. Alirudi studioni akaimba upya "Carolina in My Mind" na "Something in the Way She Moves", na mkusanyiko ule umeuza zaidi ya nakala milioni 11 Marekani peke yake. Nasi tunaye mzee wetu Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey hapa kwetu mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville. Mwaka 1988, akikaribia umri wa miaka 60, alirekodi tena Cape Town. Mimi nazisikiliza rekodi zile kwa heshima ileile, kwa maana vidole ni vilevile hata kama koo limezeeka.

Kwa sauti iliyoshuka, legezeni nyuzi zote za gitaa kwa toni moja. Kaka atapiga kwa mikao ileile aliyoizoea, na wimbo utamfuata alipo.

YayaWaRuashi

Mdogo wangu, kabla ya kulipia studio, tafuta mkataba wa zamani uusome mstari kwa mstari. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na pia haki jirani, ambazo ni za waimbaji na watayarishaji wa rekodi. Prodyuza anaweza kuwa na mkanda, lakini kuwa na mkanda si kuwa na wimbo. Kama kaka hakumwachia haki za utunzi, na kama mkataba haumzuii kurekodi tena, njia iko wazi. Kama nyimbo hazijaandikishwa SOCODA, shirika letu la haki za watunzi, ziandikisheni sasa.

FundiWaMikanda (Katuba)

Nami nina wasiwasi na zile 11 mlizonazo. Kaseti ya zamani msiichezechezee. Safisheni kichwa cha mashine kwa spiriti, kisha rekebisheni mwinamo wake kwa kila kaseti peke yake mpaka sauti nyembamba zitoke safi, kwa maana kichwa kikikaa upande, sauti ya nyuzi hufifia na hakuna kompyuta itakayoirudisha vizuri. Ingizeni kwenye kompyuta kwa biti 24, katika faili lisilobanwa, na mtunze nakala mbili katika nyumba mbili.

Mkishaziweka nyimbo pamoja, msizipandishe sauti zile za zamani kwa nguvu zilingane na mpya. Shusheni zile mpya. Na kwenye jalada andikeni waziwazi ni nyimbo zipi zimerekodiwa upya na mwaka gani. Mwimbaji Neil Young, katika mkusanyiko wake wa mwaka 1977, aliandika maelezo ya nyimbo kwa mkono wake mwenyewe, na ukiyasoma unaona kama amekaa nawe.

MdogoWaMpigaGitaa

Asanteni sana. Mkataba umepatikana ndani ya sanduku la mama: ni karatasi moja, haisemi lolote kuhusu kurekodi tena wala kuhusu haki za utunzi. Jana jioni kaka alilegeza nyuzi kwa toni moja, akaimba ule wimbo mkubwa ukumbini, na shemeji akaacha kupepeta mchele. Basi tutazirekodi zote tano.

Fundi, swali moja la mwisho. Kwenye kaseti ya kwanza kabisa, kabla gitaa halijaanza, kiti kinasikika kikiburutwa sakafuni na kaka anakohoa. Tukate?

FundiWaMikanda

Kikohozi kateni. Kiti kiacheni.