Kuwahoji wazee wa Leeds juu ya majirani wao wa utotoni: tuulize nini, na majina tuyahakiki vipi?

MhudumuLS8 aliuliza:

Wakuu, salaam. Kituo cha mchana cha wazee hapa Leeds, Uingereza, kinataka kurekodi kumbukumbu za wazee sita wa miaka 79 hadi 88, waliokulia kwenye zile nyumba za safu za Harehills, Holbeck na Hunslet. Watakaohoji ni wahudumu watatu, wote Waswahili. Mada ni moja: majirani wa mtaa walipokuwa watoto, kati ya Vita vya Pili vya Dunia na mwanzo wa miaka ya 1960.

Majaribio ya kwanza hayakuzaa kitu. Ukiuliza "majirani wenu walikuwaje?" unajibiwa "watu wema, milango ilikuwa wazi, tulisaidiana", na mazungumzo yanaishia hapo. Pili, yako maneno ambayo sisi wageni tunayaelewa kinyume. Tatu, mitaa kadhaa ilibomolewa, kwa hiyo jina au namba ya nyumba haiwezi kuhakikiwa kwa kwenda kutazama. Mwenye ujuzi wa kazi hii atusaidie kwa undani.

---

RamaniKwanza alijibu:

Mkuu, msianze na watu. Anzeni na milango, watu watatokea wenyewe humo.

Chukueni karatasi ya A3, mchore mistari miwili ya mtaa, na mzee aweke alama mlango wa kwao. Kisha nendeni mlango kwa mlango, upande wa kushoto mpaka kona, halafu kulia. Katika kila mlango ulizeni vitu vitatu tu: nani aliufungua, pazia au mlango wenyewe ulikuwa wa rangi gani, na je, mliwahi kuingia ndani au mliishia kizingitini. Hilo la tatu ndilo lenye nguvu, maana linatenganisha jirani wa salamu na jirani wa kukaa. Asipokumbuka mlango, uacheni wazi msonge mbele. Mara nyingi huurudia mwenyewe baada ya milango mitatu minne.

Ila lazima muielewe nyumba yenyewe. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ni nyumba zilizopeana migongo. Kila nyumba ina mlango mmoja tu wa mbele na haina dirisha nyuma, kwa sababu ukuta wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa nyumba nyingine. Sheria ya mwaka 1909 ilikataza kujenga mpya, lakini Leeds iliendelea kuzijenga mpaka 1937 kwa vibali vilivyokwisha kutolewa. Matokeo yake ni kwamba mtoto alikuwa na majirani pande tatu: kulia, kushoto na mgongoni. Yule wa mgongoni mlango wake unaangalia mtaa mwingine na anwani yake ni nyingine kabisa, na huenda mtoto hakuwahi kumwona uso, ingawa kila usiku alisikia kikohozi chake, redio yake na jinsi alivyokoroga moto wa makaa. Mhojaji asiyejua hili hamwulizi kamwe. Ulizeni hivi: "Nyuma ya ukuta wenu alikuwepo nani, na mlimsikia akifanya nini?"

Halafu choo. Katika aina moja ya nyumba hizi, safu ilikatwa kila baada ya kundi la nyumba nane, na katika pengo hilo ndimo vilimokuwa vyoo vya pamoja. Muulizeni choo walishirikiana na nyumba zipi, ufunguo ulining'inizwa wapi, zamu ya kuosha ilikuwa ya nani, nani aliweka taa ya mafuta ya taa wakati wa baridi ili maji yasigande bombani. Hapo ndipo yanapotoka majina, ugomvi na upatanisho. Lakini angalizo: nyumba za baadaye, zikiwamo nyingi za Harehills, zilikuwa na kibustani mbele na choo chao chini ya nyumba. Ukimlazimishia mzee wa nyumba hiyo swali la choo cha pamoja atahisi unamchukulia kuwa maskini kuliko alivyokuwa, na tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa sana kwao. Kwanza ulizeni choo kilikuwa wapi.

---

Bi_Msamiati alijibu:

Nakubaliana na RamaniKwanza. Mimi nitashika maneno.

*Auntie*. Watoto wa mitaa ile waliwaita majirani wa karibu Auntie au Uncle pamoja na jina la kwanza, bila undugu wowote wa damu. Jirani wa mbali kidogo aliitwa Mrs au Mr na jina la ukoo. Jina la kwanza tupu mtoto hakulitamka mbele ya mtu mzima. Sisi hili tunalielewa upesi, maana kwetu nako mtoto hana jirani asiye mama, baba au shangazi. Ila linaathiri uhakiki wenu: jirani aliyependwa zaidi ndiye mzee hajui jina lake la ukoo, na yule aliyeogopwa ndiye anayejulikana kwa ukoo tu. Kila likitajwa neno Auntie, ulizeni papo hapo: "wa damu au wa mtaani?" Mkiliacha hamtaweza kulitenganisha baadaye.

*Our*. Mzee akisema "our Jean" hamaanishi Jean wetu sote wa mtaani. Anamaanisha dada yake, au mtu wa ndani ya familia. Jean bila hilo neno ni mtoto wa nje.

*Dinner* ni chakula cha mchana na *tea* ni chakula cha jioni. Akisema jirani alimpa tea, alilishwa mlo, si kikombe cha chai. *Ginnel* ni kichochoro kati ya nyumba. *Set pot* ni sufuria kubwa iliyojengewa kwenye kona, yenye moto chini, ya kuchemshia nguo.

Hiyo set pot inawapeleka kwenye Jumatatu, siku ya kufua. Pelekeni swali kwa hatua. Moto uliwashwa alfajiri, nguo nyeupe zikachemshwa kwanza, zikapondwa kwenye pipa kwa mti wenye kichwa cha shaba kiitwacho posser, zikasuuzwa, maji ya mwisho yakatiwa ile buluu ya kufulia ili weupe usiwe wa manjano, kisha zikapitishwa kwenye mashine ya kukamulia yenye magogo mawili. Hatua ya kukamulia ilihitaji mikono minne kwa shuka, mmoja azungushe mpini na mwingine apokee. Ulizeni nani alipokea upande wa pili wa shuka ya mama yako. Jibu lake ni jina la jirani, karibu kila mara.

Nyumba hizo hazikuwa na uwanja wa nyuma, kwa hiyo kamba zilivutwa juu ya barabara, kutoka ndoano ya nyumba hii mpaka ndoano ya nyumba inayotazamana nayo. Yaani kamba yako inaishia ukutani kwa mwenzako, na huwezi kuwa na ugomvi naye Jumatatu. Gari la makaa likiingia, wanawake hutoka kuinua kamba kwa miti mirefu ili lipite. Na kabla Sheria ya Hewa Safi ya 1956 haijaanza kufanya kazi, masizi ya mabomba ya moshi yaliweza kuharibu ufuaji wote. Muulizeni nani alitoa sauti ya kwanza kwamba masizi yanashuka.

Kidato cha mlangoni, yaani ngazi ya kuingilia ndani, nacho msikisahau. Kilisuguliwa kwa jiwe liitwalo *donkey stone*: unaloanisha kidato, unapiga mstari wa ukingo kwa jiwe, unaeneza kwa kitambaa chenye maji, unaacha kikauke. Jiwe lilitolewa na mnunuzi wa vitambaa chakavu mwenye mkokoteni wa farasi, badala ya nguo kuukuu. Mtoto aliyekanyaga kidato kibichi alikaripiwa na mwenye nyumba yeyote, hata kama si mzazi wake.

---

HesabuZaMtaa alijibu:

Ongezeni pesa, ila tahadhari moja kwa sisi watu wa Afrika Mashariki. Tukisikia shilingi tunafikiri senti 100. Shilingi ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa peni 12, na pauni moja shilingi 20, yaani peni 240, mpaka tarehe 15 Februari 1971. Mkiandika bei bila kujua hilo, hesabu yote ya nani alimkopesha nani itapotoka.

Wageni wa kila wiki ndio saa ya mtaa: mkusanya kodi ya nyumba, mtu wa bima ya mazishi, mtu wa makaa. Gunia la makaa lilikuwa na ratili 112, takribani kilo 51, na lilimwagwa kupitia tundu la kando ya njia mpaka chumba cha chini. Makaa yaliuzwa kwa mgao mpaka 1958, hivyo nani alimwazima nani ndoo moja ni swali lenye majibu. Ulizeni pia mita ya gesi ya kutumbukiza sarafu. Mkaguzi alipokuja alizimwaga sarafu juu ya meza, akazihesabu, na mara nyingi akamrudishia mama wa nyumba sehemu. Siku hiyo mtaa mzima ulijua nani ana pesa.

Swali dogo linalofungua mdomo wa mzee aliyenyamaza: "Namba yenu ya Co-op ilikuwa ngapi?" Kila familia mwanachama wa duka la ushirika ilikuwa na namba ya gawio, na mtoto aliyetumwa dukani aliikariri ili gawio lisiandikwe kwa mwingine. Wengi wanaikumbuka mpaka leo. Kutoka hapo nendeni: "ulimnunulia nani mwingine mtaani, na alikupa nini?"

Kuhusu msiba: mapazia ya mbele yalifungwa, si ya nyumba ya marehemu tu bali mara nyingi ya mtaa mzima, na mtu mmoja alipita mlango kwa mlango kuchangisha pesa za shada la maua la mazishi. Kila mtaa ulikuwa na mwanamke anayejulikana kwa kuosha na kulaza maiti, na mara nyingi ndiye aliyeitwa pia mama anapojifungua. Ulizeni aliitwa kwa namna gani usiku, na alilipwaje. Msiulize "mkunga wenu alikuwa nani", maana mtajibiwa jina la mkunga wa serikali.

---

Daftari_na_Sensa alijibu:

Sehemu ya uhakiki. Kwanza jina kamili la mtaa. Leeds mtaa hauishii kwenye neno la kwanza: ziko Bayswater Row, Bayswater Terrace, Bayswater Mount, Bayswater Grove, zote jirani. Mzee akisema "Bayswater" tu, hamna anwani.

Ramani za zamani za mizani mikubwa zinapatikana bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, za Uingereza zikiwamo. Picha tafuteni Leodis, hazina ya picha ya maktaba za Leeds. Nyingi zilipigwa na halmashauri kabla ya kubomoa, mlango kwa mlango. Lakini msimwonyeshe mzee picha kabla hajachora. Akiiona kwanza, atasimulia picha.

Sensa haitawasaidia. Ya 1931 iliungua mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika, na ya 1951 bado imefungwa kwa kanuni ya miaka 100. Mnabaki na Rejista ya wakazi ya tarehe 29 Septemba 1939: nyumba kwa nyumba, na tarehe za kuzaliwa na kazi. Wanaoweza kuwa hai bado wamefichwa, kwa hiyo mzee wenu hamtamwona, ila wazazi na majirani watu wazima mtawaona. Mke wa nyumbani ameandikwa "unpaid domestic duties" (kazi za nyumbani zisizo na malipo) hata kama ndiye aliyeosha maiti wa mtaa mzima. Jina la ukoo lililokatwa na kuandikwa jingine juu yake kwa kawaida ni la mwanamke aliyeolewa baadaye, si kosa.

Baada ya vita tumieni madaftari ya wapigakura. Hayakuandaliwa 1940 hadi 1944, na mpaka mwisho wa miaka ya 1960 waliomo ni wenye miaka 21 na zaidi, watoto hawamo. Yana jina la kwanza na la ukoo, hivyo ndipo mnapompata yule Auntie wa Bi_Msamiati. Kumbukeni Nellie huandikwa Ellen, Peggy ni Margaret, Polly ni Mary, Bert ni Albert au Herbert. Vitabu vya anwani vya Kelly's huonyesha mkuu wa nyumba tu, lakini vinataja mahali mtaa mwingine unapokatiza, na hiyo inawasaidia kupanga milango sawasawa.

---

MhudumuLS8 aliuliza tena:

Shukrani sana wakuu. Mzee mmoja amekwisha kutaja jirani aliyekuwa akimpiga mkewe, na majina kamili. Tufanyeje? Na simu inatosha kurekodi?

---

Daftari_na_Sensa alijibu:

Iacheni kwenye rekodi ya asili, msimkatize. Sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi inahusu walio hai tu, na marehemu hawezi kudai kuchafuliwa jina. Lakini watoto wa jirani yule wanaweza kuwa hai, huenda hata kwenye kituo hicho hicho. Kwenye nakala ya kusikilizwa na watu, fungeni kipande hicho na mwandike dakika na sekunde kilipo. Fomu ya ridhaa mzee aisaini baada ya mahojiano, akijua alichosema, na iwe na nafasi ya kutaja sehemu asizotaka zitolewe.

Simu inatosha ikiwa ndani ya sentimita 50 za mdomo, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ikiwa imezimwa mawasiliano. Rekodini WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz na biti 24. Saa moja ya stereo ni takribani GB 1, kwa hiyo hakikisheni nafasi kabla. Kikao kisizidi dakika 60 kwa umri huo. Na ramani ya A3 ipigwe picha mwisho wa kila kikao, na mzee akitaja "huyu hapa" kwa kidole, mhojaji aitamke namba ya mlango kwa sauti, la sivyo kwenye rekodi hakutakuwa na mlango wowote.