Kadi imeandikwa "kipofu" tu, naweka kodi gani?

BintiKonde
Asalaam alaykum wapendwa. Mie niko Pemba, kitengo cha kumbukumbu spitali, jina la spitali mtanisamehe. Kazi yangu kusoma kadi na kuingiza kodi za maradhi kwenye kompyuta (si kodi za ZRA, mamlaka ya mapato, jamani msikimbie). Malaria, presha, sukari nazijua kwa kichwa lakini hizi za macho zinanitoa jasho. Leo nna kadi 14 mezani, sita katika hizo daktari kaandika "kipofu" na sahihi, basi, hata sababu hamna. Moja kaandika VA: RE CF 1m, LE 6/60 (VA ni kipimo cha uoni, RE jicho la kulia, LE la kushoto), mie hiyo CF nilidhani kifupi cha dawa 😅. Nilivyokuwa nikifanya, kila nikiona neno kipofu naweka H54.0, kodi ya upofu, nasonga mbele, sasa mkubwa wangu kaniuliza mbona shehia moja ina vipofu wengi kuliko wazee. Nikaingia mtandaoni nikapata orodha nyengine, H54.0X33 sijui H54.8, nikiingiza mfumo unakataa. Na mmoja katika hao "vipofu" namjua, jirani yetu, ana chongo tu, baiskeli anapanda mpaka sokoni. Nifanyeje?

MzeeWaTochi
Waalaykum salaam mwanangu. Mie nimeuguza macho Unguja miaka mingi mpaka nimestaafu. Orodha uliyoipata ni ya Marekani, wenzetu wameongeza tarakimu kuonesha kila jicho na daraja lake, ndo maana mfumo wako hauitambui. H54.8 usiiguse kabisa, huo ni upofu wa kisheria wa kwao, unaanzia 20/200 kwa futi, kwa mita ni 6/60, yaani anachokiona mzima kwa mita 60 yeye mpaka asogee mita 6, tena mtu akishavaa miwani inayomfaa. Kwa ICD-10, kitabu cha kodi za maradhi cha WHO (Shirika la Afya Duniani), mwenye 6/60 si kipofu, yuko daraja la 1 la upungufu wa kuona. Upofu ni mpaka ishindikane 3/60.

CF ni kuhesabu vidole. CF 1m maana yake anavihesabu kwa mita moja, sawasawa na 1/60, daraja la 3, jicho hilo kihesabu ni pofu. La kushoto 6/60 daraja la 1. Basi kadi hiyo ni H54.4, upofu wa jicho moja. H54.0 mpaka macho yote mawili yawe daraja la 3, 4 au 5. Yote mawili yakiwa chini ya 6/60 lakini 3/60 anaiona ni H54.1, na yakiwa chini ya 6/18 mpaka 6/60 ni H54.2. Jirani yako nae kama la pili linaona vizuri ni H54.4, chongo si kipofu.

Utakutana pia na HM, ukipunga mkono mbele yake anaona kitu kinatikisika. PL anauona mwangaza wa tochi. NPL haoni hata huo. Hapo fungua macho, nimeshaona kadi imetolewa fotokopi ile N imefutika ikabaki PL. Kodi haibadiliki, yote upofu, lakini mwenye PL na mtoto wa jicho huenda akafanyiwa operesheni akaona, mwenye NPL hapana. Herufi moja hiyo.

YakheWete
Yakhe mnajisumbua, kipofu kipofu tu, kwani kodi itamrejeshea macho? Halafu si kuna ICD-11, toleo jipya la kitabu hicho, siku hizi, hiyo 10 ya nini tena

MzeeWaTochi
ICD-11 ipo, imeanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, humo mambo haya yako 9D90 na wameongeza daraja la upungufu mdogo, chini ya 6/12. Lakini mfumo wake bibie ni wa 10, afuate wa 10, akichanganya ndo balaa. Na kuhusu macho kurejea, wewe fikiri wizara inataka kujua ilete lenzi ngapi za mtoto wa jicho. Kadi zote ukizijaza H54.0 peke yake, hakuna anaejua nani ana mtoto wa jicho, nani presha ya macho. Kwa hivyo BintiKonde, H54 isikae pweke, iambatane na ugonjwa wenyewe, H25 mtoto wa jicho wa uzeeni, H40 presha ya macho. Tena huyu wa presha ya macho ana mtego wake, anaweza akasoma 6/12 vizuri lakini anagonga milango kwa sababu anaona kama yuko ndani ya bomba. Uoni wa jicho zuri ukibaki nyuzi 10 au chini kutoka katikati, anaingia daraja la 3 hata kama herufi anazisoma.

TichaMkavu
Mie si mtu wa spitali, nafundisha skuli. Tuliletewa mtoto ana ualbino, karatasi imeandikwa kipofu, tukamtafutia mashine ya breli. Siku ya tatu namuona kainama pua inagusa daftari la mwenzake anasoma! Ni uoni hafifu, alikuwa anataka maandishi makubwa na kukaa mbele mbali na dirisha la jua. Muhula mzima umepotea kwa kutafuta mashine. Na dada, hayo ya jirani punguza, siri ya mgonjwa hiyo, Pemba tunajuana.

BintiKonde
Ya jirani kweli nimeteleza, nayafuta. Sasa wale walioandikwa "kipofu" tu na washakwenda zao?

MzeeWaTochi
Usikisie. Rudisha kadi kwa daktari, namba za macho yote mawili, na mgonjwa kama ana miwani apimwe nayo, maana kinachohesabiwa ni anavyoona kama alivyokuja. Wengi huiwacha nyumbani, waulizwe. Asiepatikana weka H54.9, ya upungufu wa kuona usiotajwa daraja, lakini usiifanye uchochoro wa kukimbilia kazi.

BintiKonde
Nimerudi jamani. Daktari kanuna kwanza, halafu kaita watu wanne wa karibu kawapima mwenyewe. Wawili H54.4. Mmoja miwani ilikuwa mfukoni mwa kanzu, kavaa kasoma 6/18, si kipofu wala nini. Bibi mmoja ndo H54.0 kweli, kulia NPL, kushoto PL na mtoto wa jicho mweupe kama tui, kaandikiwa rufaa na mie nimemuongezea H25. Wawili waliobaki hawajapatikana, mmoja kaenda Tumbatu kwa mwanawe. H54.9 mpaka arudi.