Multimita ya mtumba kwa elfu 38, nichukue au niache?

Mwanafunzi_Iyunga: Wakuu, habari za jioni. Nasoma elektroniki mwaka wa pili hapa Mbeya. Mazoezi ya vitendo yanaanza Jumatatu ijayo na kila mmoja anatakiwa awe na multimita yake (mita ya kupima volti, ampea na omu). Uwezo wangu hauvuki 40,000. Nimeona moja ya mtumba Mwanjelwa, ya kampuni ya Fluke, modeli 17B, kava la njano, kioo kizima, volti inasoma vizuri. Bei 38,000. Naombeni mnielekeze, mita iliyotumika inakaguliwaje kabla ya kutoa hela?

Fundi_Uyole: Nenda na vitu vyako mfukoni, usitegemee vya muuzaji. Chukua betri mpya ya AA, rezista za asilimia 1 (100 Ω, 1 kΩ, 100 kΩ na 1 MΩ) na dayodi moja ya 1N4007.

Anza na waya. Weka swichi kwenye Ω (omu), gusanisha ncha mbili, isome chini ya 1 Ω. Huku zimegusana, pindapinda waya pale unapoingia kwenye plagi na pale unapotokea kwenye mshikio. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Hilo ni dogo, waya zinabadilishwa. Kisha zungusha swichi hatua moja moja na kuirudisha. Ikiwa 1 kΩ inasoma 998 halafu ukirudisha swichi inasoma 1,040, migusano imechafuka au imelika. Ikichafuka inasafishwa kwa spiriti ya isopropili, ikilika haina dawa.

AA mpya isome kama 1.6 V. Dayodi isome kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, ukiigeuza isisome kitu. Mwisho fungua mlango wa betri. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye vibati, betri ilivuja humo, na huku kwetu kwenye unyevu kutu hiyo hutambaa hadi kwenye bodi.

Rungwe_Juu: Mdogo wangu, mtumba wa nini? Chukua DT830 mpya, ile mita ndogo ya bei rahisi, utabaki na chenji ya rezista. Ujue tu mipaka yake: tundu la 10A kwa kawaida halina fyuzi, kapasita haipimi, na si zote zina mlio wa kupima kama waya umeungana, kwa hiyo tafuta yenye alama ya mlio. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, badilisha siku hiyohiyo. Betri ikichoka mita hizi husoma juu kuliko ukweli, utamlaumu transista bure.

Gangilonga: Mleta uzi, umetaja volti tu. Ampea je? Fyuzi umeiona? Na je, hela hujatoa bado?

Mwanafunzi_Iyunga: Ampea inasoma, mkuu. Ila niwe mkweli, fyuzi ya miliampea ilikatika, wameweka uzi mmoja wa waya badala yake. Na nimeshatanguliza 20,000. Sioni kama ni shida kubwa kwa sababu nitapima saketi za volti 5 na 12. Labda na bodi za pawa za TV, nina wateja wawili mtaani. Halafu wameniwekea betri mpya ya 9V, kwa hiyo haina gharama nyingine.

Gangilonga: Hapo kwenye bodi za TV ndipo penye kifo. Umeme wa 230 V ukishapita kwenye dayodi, kapasita kubwa inakaa na takriban 325 V za DC. Mita ikiwa kwenye miliampea, ndani yake kuna omu chache tu. Ukisahau waya kwenye tundu la mA kisha ukagusa kapasita hiyo au soketi ya ukutani, umepiga shoti kwa mkono wako. Fyuzi sahihi inakatika, unanunua nyingine. Waya haukatiki kwa wakati: njia za shaba kwenye bodi zinageuka mvuke na mita inapasukia kiganjani. Hata fyuzi ya kioo ya 250 V haitoshi kwa DC hiyo, cheche inaweza kuendelea ndani yake. Ndiyo maana mita za maana zina fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga, ya 1000 V.

Na kabla ya kupima Ω kwenye bodi hizo, toa chaji kwa rezista ya 10 kΩ, 5 W, ishikilie sekunde 10, kisha pima volti uhakikishe imeshuka. Bisibisi usiitumie.

Mama_Makambako: Kutanguliza hela bila risiti ni kosa, mwanangu. Na uliuliza mita hiyo imetoka wapi? Vifaa vya mafundi vinaibwa sana.

Kyela_Elektro: Mimi nasema uzi huu umetungwa. Fluke 17B inatumia betri mbili za AA. Haina nafasi ya 9V. Aliyeishika mkononi hawezi kukosea hilo.

Mwanafunzi_Iyunga: Sijatunga mkuu. Nimempigia muuzaji sasa hivi, ameifungua. Ni 9V kweli, na mbele imeandikwa 17B.

Fundi_Uyole: Basi Kyela amekusaidia kuliko sisi wote. Hiyo ni bandia, na maandishi ya CAT III (daraja la usalama wa mita kwa umeme wa majengo) kwenye uso wake hayana maana yoyote. Hata ukiweka fyuzi nzuri, nafasi kati ya njia za bodi hujui kama inahimili 325 V.

Mwanafunzi_Iyunga: Na 20,000 yangu? Amesema harudishi taslimu.

Rungwe_Juu: Badilishana na mali. Mwambie akupe DT830 mpya na seti ya waya nzuri, kinachobaki akupe rezista. Ipime palepale: betri ya 9V, rezista ya 1 kΩ, mita katikati kwa mfululizo, isome karibu 9 mA. Isiposoma, fyuzi ya ndani imekatika. Nyingi huchukua ya milimita 5 kwa 20, soma ampea zilizoandikwa kwenye kifuniko chake. Hiyo itakutosha darasani kwa 5 na 12 V. TV za wateja rudisha.

Mwanafunzi_Iyunga: Moja nimeshaifungua.

Gangilonga: Ina muda gani tangu uichomoe ukutani? Usiiguse bodi, soma tena pale nilipoandika kuhusu rezista.