Tupeane uzoefu: madarasa ya bure ya kusoma, kuandika na Kiingereza kwa watu wazima

Mwanzisha mada, Mbagala

Wadau, salaam. Mtaani kwetu tuko wachache tunaofundisha watu wazima jioni bila malipo, kwenye chumba cha shule ya msingi alichotuombea mwenyekiti wa mtaa. Wapo wanaoanza na a, e, i, o, u, na wapo waliomaliza darasa la saba wanaotaka Kiingereza cha kuongea na wateja. Kuandikisha watu si kazi. Kazi ni kuwaona tena mwezi wa pili. Aliyesoma au kufundisha madarasa ya aina hii atuambie: ni nini kilichombakisha mtu darasani?

Nianze mimi. Kwetu wanaobaki ni wale wanaokuja na shida yao mkononi. Mama mmoja muuza samaki alikuja na simu. Alitaka ajue mwenyewe kama hela ya mteja imeingia, maana kila siku alikuwa anamwomba jirani amsomee. Basi tukaandika ubaoni neno la kwanza la ule ujumbe: U-me-po-ke-a. Kutoka "po" tukapata pa, pe, pi, po, pu. Kutoka "ke" tukapata ka, ke, ki, ko, ku. Jioni ileile darasa zima likaandika pika, kopa, kupe, upepo. Yule mama mpaka leo hakosi.

Mwalimu mstaafu, Sengerema

Hongera sana mwanangu. Ulichofanya na simu ndicho tulichofanya sisi na pamba. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, huku Kanda ya Ziwa tayari kulikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, makao yake Mwanza, na vitabu vilipangwa kwa kazi za watu. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, wa migomba za migomba, mfugaji za ng'ombe. Wengi wa waliofundisha hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwa vijana waliotoka tu darasa la saba, nami nilikuwa mmoja wao.

Kilichowavuta watu hasa ni kuona kisomo kinafanya kitu. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, tulikaa kikundi tunasikiliza redio, anayejua kusoma anawasomea wenzake kijitabu, halafu tunajadili tutafanya nini. Kesho yake watu wanachimba choo. Walioshiriki nchi nzima walikadiriwa kuwa milioni 2.

Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 wengi wetu tulifurahia matokeo. Ila nikuonye jambo moja. Mtu akishafuzu na nyumbani hana cha kusoma, miaka michache tu anasahau. Nimewaona waliofuzu kwa mikono yangu wakirudi kwenye dole gumba, na inaniuma hadi leo.

Mama wa Buguruni

Mimi ni mwanafunzi. Naandika haya mwenyewe, polepole. Nilikuwa mtoto wa kwanza, nikabaki nyumbani kulea wadogo zangu, shule nikaikosa. Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kila mtu ana kitabu cha hisa, ukinunua hisa unagongewa mhuri. Mwaka mmoja siku ya kugawana nikapata pungufu. Nikaambiwa ndivyo kitabu kinavyosema. Ningebisha vipi?

Darasa la kwanza nililoingia, mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya mkwe wangu. Sikurudi. La pili ni binti wa chuo anafundisha kwenye madrasa baada ya Alasiri. Yule hamsimamishi mtu. Anapita daftari kwa daftari, anainama, anasema, "Mama, hapa rudia kidogo," kwa sauti ambayo hata wa pembeni hasikii. Hicho ndicho kilichonibakisha. Sasa mihuri yangu naihesabu, na ukikosekana mmoja nasema hapohapo.

Mkenya, Kawangware

Sisi hufunza kanisani Jumamosi. Waliojaza darasa ni kina mama wa watoto wanaosoma CBC, ule mtaala wa umilisi. Mtoto wa Gredi 2 anarudi na kazi ambayo mzazi anatarajiwa kumsaidia, na mama hajui hata maagizo yanasema nini. Kwa hivyo tunaanza na daftari la mtoto. Wakiniambia wamezeeka, nawatajia Mzee Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret 2004 akiwa na miaka 84.

Mkongo, Kentucky

Aksanti kwa mada hii. Natokea Fizi, mashariki mwa Kongo, nimeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Louisville. Huku Kiingereza cha bure kiko kanisani na maktaba, wanafundisha Wamarekani waliostaafu, watu wa roho nzuri sana. Shida ni mama zetu ambao hawajawahi kushika penseli. Ukimpa Kiingereza na herufi kwa siku moja, anazama, maana herufi za Kiingereza zinabadilisha sauti kila neno. Tuliomba mmoja wetu akae nao pembeni, wasome Kiswahili kwanza. Waliojua kusoma "mama" na "maji" walipoingia Kiingereza walisogea haraka.

Wengi wanalenga uraia. Kwenye usaili unapewa sentensi za Kiingereza, usome moja sawasawa kati ya tatu, uandike moja kati ya tatu. Mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15 na kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, au mwenye miaka 50 aliyekaa nayo miaka 20, anasamehewa Kiingereza na kujibu maswali ya historia na serikali kwa lugha yake. Lakini mzee aliyefika huku na miaka 60 atangoja 15 mingine? Kwa hiyo wanasoma. Kinachowabakisha ni gari la kuwachukua na mtu wa kushika watoto. Wanaotoka zamu ya usiku kiwandani, bila hivyo hawaji.

Mdau wa Moshi

Nafundisha wapagazi wa mlimani wanaotaka kuwa waongozaji. Masika wageni ni wachache, ndipo tunasoma. Hatuanzi na sarufi. Tunaanza na kumuuliza mgeni: kichwa kinauma? umetapika? umelala? Mlimani watu huugua kwa hewa nyembamba, hivyo maswali hayo yanaokoa maisha, na hakuna anayesinzia.

Mwanzisha mada, Mbagala

Mzee wangu wa Sengerema, shikamoo. Wakishafuzu niwape nini cha kusoma? Maktaba hatuna.

Mwalimu mstaafu, Sengerema

Marahaba mwanangu. Kusanya magazeti ya jana, risiti za umeme wa LUKU, kadi za kliniki, karatasi za dawa. Weka boksi mlangoni, kila mmoja achukue kimoja akitoka, na siku inayofuata aje awaeleze wenzake alichokisoma.